Danny Trejo alienda location kumtuliza kijana asirudie unga, akatoka na kazi ya filamu. Nini hasa kilimbeba?

#1 Kitasa wa Keko
Wakuu habari zenu.

Kuna yule jamaa mwenye uso wa makunyanzi, sharubu zimeshuka, nywele ndefu na tattoo kubwa ya mwanamke mwenye kofia pana kifuani. Ukisema Machete kila mtu anamjua, ukisema Danny Trejo watu wanakuuliza nani huyo. Nimemfuatilia muda mrefu na njia aliyopita haifanani na ya mwigizaji mwingine yeyote ninayemjua, ndo maana nauleta huu uzi.

Kazaliwa Los Angeles 1944, asili yake Meksiko. Bangi alianza na miaka 8, heroini na miaka 12, aliyemuonjesha ni baba yake mdogo anaitwa Gilbert, na Gilbert huyohuyo ndo alimfundisha ngumi. Baada ya hapo ni kuingia na kutoka kwenye jela za California mpaka 1969. Alipotoka hakukimbilia Hollywood, akawa mshauri wa watu wanaoacha madawa na hiyo kazi kaifanya miaka kibao. Sasa 1985 kuna kijana aliyekuwa anamsimamia akampigia simu, yuko kazini kwenye seti ya filamu ya Runaway Train, cocaine imezagaa pale na anaogopa atarudia. Trejo akafunga safari kwenda kukaa naye. Yuko pale kasimama zake mtu wa seti akamuona akamuuliza unaweza kuigiza mfungwa? Yaani mtu ametoka jela ya San Quentin unamuuliza anaweza kuigiza mfungwa. Alikuwa na miaka 40 na uigizaji haukuwa kwenye hesabu zake.

Swali langu, nini kilimbeba mpaka leo ana mamia ya filamu? Mi msimamo wangu ni kwamba ilikuwa ile kazi ya ushauri. Asingekuwa mtu wa kuitika simu ya teja usiku asingefika pale. Karibuni.

#2 Shombe_Tanga
Sura. Funga uzi.

#3 Mr Majaliwa
Mkuu hiyo stori ya simu ni chai. Hawa mastaa wote wana stori ya namna hii, nilikuwa nimekaa zangu mara nikaonwa. Ukweli utakuta alikuwa na ajenti siku nyingi.

#4 Kitasa wa Keko
@Mr Majaliwa itafute Runaway Train uangalie mwenyewe. Kuna pambano la ngumi ndani ya jela, yule anayezichapa na mwigizaji Eric Roberts ulingoni ndo Trejo. Kwenye majina ya mwisho hana hata jina, kaandikwa Boxer basi. Ajenti gani huyo wa kumtafutia mteja wake nafasi ya Boxer?

#5 Otis Nakuru
Sasa wadau. Mimi huyu mzee nilimjulia kwa DJ Afro, yule wa kutafsiri movie, kwenye Con Air. DJ Afro akimwongelesha pale kwa ndege tulikuwa tunalia kwa kicheko kwa kibanda cha video. Sikujua hata jina lake, sisi tulikuwa tunamwita tu yule adui wa nywele. Hizi za unga na jela ndio nazisikia hapa, asante OP.

#6 Chacha Mwanapicha
OP umeruka kitu kikubwa kuliko vyote na ndo kinachojibu swali lako. Jina Edward Bunker mnalijua? Huyu naye alikuwa mfungwa San Quentin, aliingia kule akiwa na miaka 17, akajifunzia kuandika humohumo. Kitabu chake cha 1973 kikageuzwa filamu Straight Time ya Dustin Hoffman, 1978. Kwenye Runaway Train alikuwa mmoja wa walioandika skripti. Baadaye 1992 mmemuona kwenye Reservoir Dogs, ndo Mr. Blue.

Sasa siku ile Trejo kapewa kazi ya ekstra dola 50 kwa siku, kavua shati abadilishe nguo, tattoo ikaonekana. Bunker kuiona tu akamtambua, akakumbuka alimuona akichukua ubingwa wa ngumi San Quentin, uzito mwepesi na welta. Wakati huo wanatafuta mtu wa kumfundisha Eric Roberts ngumi, malipo dola 320 kwa siku. Trejo alisikia hiyo hela akauliza mnataka huyo mtu nimpige kiasi gani! Akaambiwa hapana, wewe ndo unaweza kupigwa, jamaa ana hasira. Akasema kwa hela hiyo mpeni hata rungu. Kisha dairekta Andrei Konchalovsky kaona Roberts anamsikiliza Trejo kuliko anavyomsikiliza mtu mwingine yeyote pale, akasema huyu ndo apigane naye kwenye picha.

Kwa hiyo ilikuwa koneksheni ya jela. Kujuana. Bila Bunker, Trejo anachukua dola 50 zake anaenda nyumbani.

#7 Shombe_Tanga
@Chacha Mwanapicha na kabla Bunker hajamuona nani alimwita awe ekstra? Sura. Nimeshasema.

#8 Mtu Chake
Huyu si aliua watu? Nilisoma mahali alikuwa anafanya mauaji ya kukodiwa.

#9 Bi Kidude wa Masaki
@Mtu Chake mnalishwa matango pori. Hana kesi ya mauaji. Kesi zake zilikuwa unyang'anyi na madawa. Ile iliyompeleka San Quentin katikati ya miaka ya 60 aliuza mzigo wa heroini wakia 4 kwa mteja kumbe mteja ni askari kanzu, na mzigo wenyewe ulikuwa sukari. Alifungwa kwa sukari.

Jambo zito zaidi lilimkuta 1968, jela ya Soledad, siku ya Cinco de Mayo, ile sikukuu ya Wameksiko ya Mei 5. Ukazuka mtafaruku mkubwa, yeye akarusha jiwe likampata askari magereza. Kwa sheria za wakati ule mfungwa kumjeruhi askari ungeweza kupelekwa chumba cha gesi. Akawekwa selo ya peke yake anasubiri kufa. Kesi ikaja kuanguka kwa kukosa ushahidi. Tangu mwaka huo hajagusa pombe wala unga, ni zaidi ya miaka 50.

#10 Mtumishi Elia
Na hapo ndipo jibu lilipo ndugu zangu. Kule selo aliomba. Yeye mwenyewe anasimulia kila anapohojiwa, alimwambia Mungu akimsaidia atakuwa anataja jina lake kila siku na kuwasaidia wafungwa wenzake. Alidhani ni kwa siku chache tu maana alijua anaenda kuuawa. Akatoka hai akaendelea kulipa ile nadhiri. Mnatafuta sura na koneksheni wakati mwenyewe keshawaambia.

#11 Mr Majaliwa
@Mtumishi Elia walioomba selo ni wengi mtumishi. Wengi bado wamo ndani.

#12 Mtumishi Elia
@Mr Majaliwa sijasema wote wanakuwa mastaa. Nimesema huyu alitimiza alichoahidi, na kutimiza ndo kulimpeleka kwenye ile seti.

#13 Otis Nakuru
Hapo mtumishi na OP mnasema kitu kimoja btw

#14 Mama Yusra
Assalaam alaykum. Mimi si mpenzi sana wa picha lakini hapo kwenye ushauri naomba niseme, maana nimefanya kazi soba hausi, nyumba ya wanaoacha unga, Unguja na kaka yangu wa tumbo moja ni mmoja wa waliopitia.

Watu wa nje wanadhani mshauri ni yule anayekaa ofisini na daftari. Kwetu washauri wengi wazuri ni waliotumia wenyewe. Teja hakusikilizi wewe uliyesoma, anakuangalia mikono kwanza, anataka kuona kama na wewe una alama za sindano. Akishaziona anakaa. Kaka yangu usiku wa arosto alikuwa anatapika, miguu inarusha mateke, jasho godoro zima, na aliyekaa naye mpaka asubuhi ni kijana mwenziwe aliyekuwa na mwaka mmoja tu tangu aache. Hakuwa anamwambia lolote la maana, alikuwa anampa maji na kumhadithia mpira.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba huyo bwana aliitwa seti akaenda mwenyewe badala ya kumpa mtu maneno ya simu naelewa kwa nini wale watu wa picha walimuona tofauti. Mtu aliyezoea kukaa na mgonjwa wa unga ana utulivu fulani hivi, hata mwenye hasira anapoa akikaa naye. Huyo Eric mnayemtaja alimsikiliza kwa hilo, naamini hivyo.

#15 Kitasa wa Keko
@Mama Yusra waalaykum salaam. Shukran sana mama, hii imenifungua. Kaka anaendeleaje?

#16 Mama Yusra
@Kitasa wa Keko alhamdulillah. Alihamia Dar, alikuwa anakunywa methadone, dawa ya kuachia heroini, pale Muhimbili kila asubuhi, ile huduma ilianza 2011. Sasa ana genge lake la matunda.

#17 Prof Kibatari
Mnaongea vizuri ila mnamsahau aliyekuwa anatoa kazi. Hollywood ya miaka ya 80 na 90 ilikuwa na mahitaji ya Mmeksiko wa kutisha. Angalieni majukumu yake ya mwanzo, mfungwa, jambazi, muuza unga, mengi hayana hata jina. Soko lilikuwa na shimo la umbo lake na yeye akapita hapohapo. Angekuwa na sura ya mhasibu asingepata kitu, na angekuwa Mzungu mwenye historia ileile angepewa nafasi ya polisi aliyechoka.

Kuna mwandishi aliwahi kumuuliza haogopi kupangwa kila siku kama yule Chicano, yaani Mmarekani wa asili ya Meksiko, katili mwenye tattoo. Akajibu mimi ndiye Chicano katili mwenye tattoo, hatimaye kuna mtu kapatia. Mnacheka lakini hilo jibu lina uchungu ndani yake.

#18 Shombe_Tanga
@Prof Kibatari yaani umeandika mistari yote hiyo kusema sura. Karibu chamani.

#19 Chacha Mwanapicha
@Prof Kibatari sioni uchungu pale, naona fundi anayejua bidhaa yake. Wenzake walioogopa kupangwa hivyo wako wapi? Yeye alichukua kila kitu. Death Wish 4 ya 1987 na Charles Bronson yumo. Blood In Blood Out ya 1993 yumo, na zile sehemu za jela walipiga ndani ya San Quentin yenyewe. Fikiria unarudi na kamera kwenye jela uliyofungwa.

#20 Mtu Chake
@Chacha Mwanapicha si ndo ile ya wale mabinamu watatu? Nilikuwa nadhani inaitwa American Me

#21 Bi Kidude wa Masaki
@Mtu Chake hizo ni mbili tofauti na ni muhimu usizichanganye. American Me ni ya Edward James Olmos, 1992. Trejo aliitwa kwenye zote mbili akaikataa ya Olmos. Ile filamu iliwaudhi sana Mexican Mafia, lile genge la magereza ya California, kwa jinsi ilivyowaonyesha. Mama mmoja aliyekuwa mshauri wa ile filamu alipigwa risasi mwaka huohuo. Trejo anasema alipigiwa simu na Joe Morgan, mkubwa wa genge yuko jela, akamuuliza anafanya ipi. Akamjibu anafanya ile nyingine. Sasa mwigizaji wa kawaida aliyetoka chuo cha sanaa angejuaje kusoma hatari ya namna hii kwenye skripti? Yeye alijua kipi hakitaki mchezo. Kwangu mimi jela ilimfundisha kusoma watu, na hiyo ndo imembakisha hai kabla hata hujaongelea kazi.

#22 Mr Majaliwa
Tatizo langu na huyu mzee stori nyingi shahidi ni yeye mwenyewe. Kuna ile kwamba 1961 alikuwa mahabusu LA pamoja na Charles Manson, yule kiongozi wa kundi la wauaji, kabla hajawa maarufu, eti Manson akawaongoza kwa maneno tu wakafumba macho mpaka wakahisi wamebwia unga kweli. Nani wa kuthibitisha?

#23 Bi Kidude wa Masaki
@Mr Majaliwa ipo kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 2021. Na humo humo anajianika vibaya, alivyowafanyia wanawake zake, alivyokosa kuwa baba, watoto wake nao kuangukia kwenye madawa. Mtu anayetunga sifa haandiki hayo.

#24 Mr Majaliwa
@Bi Kidude wa Masaki au anaandika ya kumchafua kidogo ili umwamini kwenye yale ya ajabu.

#25 Bi Kidude wa Masaki
@Mr Majaliwa watoto kubwia unga ni kuchafuka kidogo?

#26 Baharia wa Desperado
Nimechelewa kuuona huu uzi na hakuna aliyemtaja dairekta Robert Rodriguez, posti zote hizi! Picha iliyomfanya awe yeye ni Desperado 1995. Mnakumbuka Navajas? Ile vesti nyeusi imepangwa visu kifuani, anatembea taratibu barabarani, hasemi neno hata moja picha nzima. Anarusha visu, watu wanadondoka, halafu anakuja kuuawa na watu wa upande wake mwenyewe kwa kutomjua. Tulipotoka banda umiza tulienda kuchonga visu vya mbao mtaa mzima.

Rodriguez ni ndugu yake. Kwa hiyo jibu ni undugu, kama Bongo tu.

#27 Chacha Mwanapicha
@Baharia wa Desperado hapana. Walikuwa hawajuani kama ni ndugu. Walikuja kugundua wakiwa tayari wanapiga picha kule Ciudad Acuña, Meksiko, baada ya ndugu kuanza kuulizana ukoo, wakakuta ni mabinamu wa mbali. Kazi alishapewa.

Na Rodriguez kasimulia kitu kingine cha palepale. Antonio Banderas ndo steringi, lakini watu wa ule mji walikuwa wanamzunguka Trejo, wanadhani ndo staa. Rodriguez akapata wazo la kumtengenezea mhusika wake, akampa na jina, Machete.

#28 Shombe_Tanga
Walimzunguka kwa sababu gani? Nauliza tu kwa faida ya wasomaji.

#29 Otis Nakuru
😂😂 huyu msee wa sura hachoki

#30 Prof Kibatari
@Chacha Mwanapicha na ilichukua muda gani hilo wazo kuwa filamu? Desperado 1995. Spy Kids 2001 wakampa jina Machete kwenye picha ya watoto, mjomba anayetengeneza vifaa. 2007 wakatengeneza trela ya uongo ya filamu isiyokuwepo, wakaibandika kwenye filamu ya Grindhouse. Watu ndo wakaanza kuidai. Filamu yenyewe 2010, mzee ana miaka 66. Miaka 66 ndo anakuwa steringi wa picha kubwa, na ndani yake Robert De Niro ni adui, Steven Seagal ni adui! Angekuwa mtu wa rangi nyingine asingesubiri hivyo, narudia hoja yangu.

#31 Baharia wa Desperado
Au alisubiri kwa sababu hakuwa mwigizaji mzuri kiasi hicho, tuseme ukweli. Anachofanya ni kusimama na kuangalia. Nampenda sana lakini De Niro ni De Niro.

#32 Mama Yusra
@Baharia wa Desperado kusimama na kuangalia mtu akaogopa si kazi ndogo mwanangu.

#33 Adui wa Kudumu
Hapa naomba niingie kwa uzoefu maana hii kazi ndo yangu. Nina kovu kuanzia nyusi mpaka shavuni, ajali ya pikipiki nikiwa mdogo. Nimecheza jambazi kwenye picha za Bongo tangu zile za kuuzwa kwenye CD. Sijawahi kucheza baba wa familia wala mchungaji. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba dairekta hakumbuki uliigiza vizuri kiasi gani, anakumbuka kama ulifika saa 11 alfajiri ukiwa umeshaoga, kama ulilewa, kama uligombana na mtu wa chakula. Kuna dairekta mmoja alinidhulumu malipo ya picha nzima akaja kuniita tena mwaka uliofuata bila aibu, akasema wewe husumbui. Nikaenda. Kodi hailipwi na hasira.

Sasa mtu kama Trejo, hanywi, hagusi unga, jela imemzoesha kuamka alfajiri na kupanga foleni, halafu kwake kulipwa kwa kukaa kwenye kiti kusubiri kuitwa ni raha tupu. Huyo dairekta atamwita mpaka afe. Watu wa sura na watu wa koneksheni mnaongelea siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu anaweza kubahatika. Mimi naongelea ya mia moja.

#34 Kitasa wa Keko
@Adui wa Kudumu aisee heshima yako mkuu. Hii ndo posti bora ya uzi mpaka sasa.

#35 Shombe_Tanga
@Adui wa Kudumu pole kwa ile dhuluma mkuu. Lakini umeanza kwa kututajia kovu.

#36 Adui wa Kudumu
@Shombe_Tanga kovu lilinipa picha ya kwanza. Nilikuwa na mwenzangu ana kovu kubwa kuliko langu, analewa. Leo hayupo kwenye fani.

#37 Otis Nakuru
Na mbona anakufa sana? Kila movie anadedi mapema. Anaconda hata dakika kumi hazijaisha.

#38 Chacha Mwanapicha
@Otis Nakuru Anaconda anapanda mlingoti wa boti anajipiga risasi mwenyewe ili nyoka asimpate. Con Air anakatika mkono akiwa na pingu ndege inapoanguka. Breaking Bad kichwa chake kinabebwa na kobe jangwani halafu kinalipuka. Kuna hesabu ilitolewa 2020 ikamweka namba moja kwa waigizaji waliokufa mara nyingi kwenye filamu, vifo 65, akampita Christopher Lee.

#39 Mtu Chake
Namba moja si Sean Bean?

#40 Chacha Mwanapicha
@Mtu Chake Sean Bean hafikii hata nusu. Ni vile anakufa akiwa steringi ndo watu wanakumbuka.

#41 Baharia wa Desperado
Kwa maadui wasioongea mi namweka Bolo Yeung juu. Chong Li wa Bloodsport 1988. Yule alikuwa mbeba vyuma kwanza, Enter the Dragon ya 1973 ndo ilimpa hilo jina Bolo. Hakuhitaji hata kisu, alikuwa anatikisa kifua tu watoto tunajificha nyuma ya benchi. Lufufu akitafsiri ndo kabisa.

#42 Otis Nakuru
@Baharia wa Desperado Bolo anzishiwa uzi wake, hapa tutamaliza wiki

#43 Kitasa wa Keko
Turudi kwa Trejo wakuu. Kuna kitu kuhusu Heat ya 1995 nataka kuuliza. Yule dereva wa genge, anayekutwa chini anakata roho anamwomba De Niro ammalizie, kwenye majina kaandikwa Trejo. Jina lake halisi. Kwa nini?

#44 Chacha Mwanapicha
@Kitasa wa Keko jina sijui walikubaliana vipi ila ukiangalia ile filamu Bunker yumo tena kwa mlango wa nyuma. Yule Nate anayeigizwa na Jon Voight, mzee wa kupanga michongo mwenye nywele ndefu, amechorwa kwa kumwangalia Bunker. Na Jon Voight ndo alikuwa steringi wa Runaway Train. Miaka kumi baadaye wako palepale, Voight, Trejo na kivuli cha Bunker. Mnaona ninachosema nikisema kujuana? Sio kujuana kwa ukoo, ni kujuana kwa watu waliokula mvua pamoja. Bunker alifariki 2005 na Trejo mpaka leo akihojiwa hamwachi kumtaja.

#45 Zai wa Inglewood
Hamjambo. Niko huku LA, nafanya kazi ya kulea wazee. Huyu mzee huku ni kama mbunge wa jimbo. Ana mgahawa wa taco ulioanza 2016, nembo ni uso wake mwenyewe, na alifungua duka la donati lililopakwa pinki kuanzia chini mpaka juu na yeye kachorwa ukutani. Mama yake alikuwa na ndoto ya kufungua mgahawa, ndo kaitimiza.

Ila nilichotaka kusema ni ile ajali ya Sylmar, Agosti 2019. Gari lilibinuka, mtoto mdogo mwenye mahitaji maalum kabana ndani kwenye kiti chake. Trejo na miaka yake 75 katambaa kuingia dirishani. Kwa upande aliokuwa mkanda haukufunguka, dada mmoja akaingia dirisha la pili akaufungua, wakamtoa mtoto. Bibi yake bado anahangaika na waokoaji, mtoto analia, Trejo akaanza kumchezesha waonyeshane misuli ya mikono ili asiangalie kule. Alisema aliwahi kufanya kazi na watoto wa namna ile. Huku kila mtu analikumbuka hilo, filamu zake nusu hawazijui.

#46 Mama Yusra
@Zai wa Inglewood kumuondoa macho mgonjwa kwenye maumivu, hiyo ndo kazi ya mshauri yenyewe. MashaAllah.

#47 Mr Majaliwa
@Zai wa Inglewood hiyo naikubali, ina mashahidi. Lakini pia tuseme 2023 alifungua kesi ya kufilisika kwa deni la kodi. Kwa hiyo mamia ya filamu, vifo 65, na bado serikali ilikuwa inamdai. Mnaomwita aliyefanikiwa mnapima kwa kipimo gani?

#48 Adui wa Kudumu
@Mr Majaliwa maadui hatulipwi kama masteringi mkuu. Filamu 10 za siku mbili mbili hazifikii moja ya steringi. Kwa hesabu yangu alichukua zote kwa sababu alilazimika.

#49 Prof Kibatari
@Adui wa Kudumu na hiyo ndo hoja yangu tangu #17. Soko lilimpa nafasi likaweka na bei.

#50 Chacha Mwanapicha
@Prof Kibatari deni lenyewe lilitokana pia na corona kuibana migahawa, usilibebeshe soko la filamu peke yake.

#51 Mtumishi Elia
Nasoma tu. Hakuna hata mmoja aliyejibu kwa nini mtu mwenye migahawa na filamu zote hizo bado anaenda magerezani na shuleni kuongea na vijana mpaka uzee huu. Hakuna dairekta kule, hakuna kamera.

#52 Shombe_Tanga
@Mtumishi Elia hapo sina la sura mtumishi. Hapo nakuachia.

#53 Mr Majaliwa
@Mtumishi Elia kamera huwa zipo mtumishi, tumeona dokumentari. Ila sawa, anaenda.

#54 Otis Nakuru
Nimeipata Runaway Train naanza kuiona sahii. Hiyo fight iko wapi nisiforward sana?

#55 Kitasa wa Keko
@Otis Nakuru usiruke, iko mwanzoni kabla hawajatoroka. Ukimaliza rudi utuambie kama yale macho ya Eric Roberts ni ya kuigiza au ni ya mtu anayemuogopa kocha wake, maana mi na Chacha tumebishania hilo inboksi tangu jana.